UZI: Windows, Linux na Mac zote nazifanyia kazi dukani, tuzungumze bila ya ushabiki

Steshenari_Kwerekwe (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum jamani. Jana barazani walibishana juu ya mifumo ya kuendeshea kompyuta mpaka kahawa ikapoa, huyu Windows, huyu Mac, kijana mmoja kwenye kona anapiga kelele Linux Linux, na katika wote wale hakuna hata mmoja aliyekaa na zaidi ya mfumo mmoja kwa kazi ya kila siku. Mie nikanyamaza nikanywa kahawa yangu, maana barazani ukianza kufafanua utakatwa kauli. Naandika hapa.

Nina kiduka cha steshenari Mwanakwerekwe, fotokopi, kuprinti, kuchapa barua, picha za paspoti. Mashine ninazo tatu na kila moja ina mfumo wake, si kwa kupenda, ndivyo zilivyoniingilia tu. Desktop ya Windows ndo ya tangu nifungue, laptop ya Linux Mint (Mint ni toleo mojawapo la Linux) niliinunua mbovu nikaifufua mwenyewe, na Mac mini ya 2014, kile kikompyuta cha Apple, kaniachia shemeji yangu alipohama.

Nianze na Windows na hapa mtanisamehe. Wengi wetu hatujapata kutumia Windows. Tumetumia Windows ya fundi. Unanunua mashine ya mtumba iliyotoka Dubai, unaipeleka ukapigiwe window, fundi anachomeka flash ile ile aliyopigia mashine mia, anatia na kiprogramu cha kuikreki, yaani kuifanya ikubali bila ya leseni, kiprogramu chenyewe kinakwambia zima antivairasi kwanza ndo kifanye kazi, ikishazimwa ndo basi tena hairudi, apdeti nazo zinafungwa ili isije ikajulikana. Miezi miwili mashine inatambaa, matangazo yanajifungua yenyewe usiku wa manane, halafu mtu anakaa barazani anasema Windows mbovu. Uliyoijaribu weye ni flash ya fundi.

Na kitu ambacho hatuambiwi, laptop nyingi za maofisini zilizotoka kiwandani na Windows 10 ufunguo wa leseni umo ndani ya mashine yenyewe. Ukipiga toleo lile lile lililokuja nalo, yaani kama ilikuwa Home unaweka Home, kama Pro unaweka Pro, ikiona intaneti tu inajiaktivisha yenyewe bila ya kreki yoyote. Mie nimelijua hili baada ya miaka saba ya kulipia kreki, hebu fikiria.

Apdeti si mchezo. Mei 2017 kile kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu dunia nzima, mahospitali Uingereza yakakwama, na tundu kilikopitia Microsoft walishaliziba tangu Machi. Aliyekuwa na apdeti alilala usingizi wake.

Sasa Linux. Mwezi uliopita kaja binti wa chuo, macho mekundu, flash kaifunga na kiuzi cha kitenge, ananambia kaka ripoti yangu ya fildi imeondoka, zimebaki shotikati tu. Kwenye Windows kweli kulikuwa na kitu kimoja tu, alama ya flash ndani ya flash. Nikaichomoa nikaitia kwenye ile laptop ya Mint. Pale pale likaonekana folda lisilo na jina. Halina jina kabisa, chini ya picha ya folda pametupu. Nikalifungua, ripoti imo, na picha za maulidi za mwaka jana nazo zimo, binti akakaa chini palepale kwenye ndoo ya karatasi. Hakuna uchawi. Kirusi kile kinahamishia vitu vyako vyote kwenye folda ambalo jina lake ni nafasi tupu, kinalificha, halafu kinakuwekea shotikati ambayo ukiigonga ndo unakiamsha. Linux haiujali ule ufiche wa Windows na ile shotikati kwake ni faili bubu tu. Hata kwenye Windows unaweza kuvirudisha, unafungua CMD, lile dirisha la kuandikia amri, ukiwa ndani ya flash unaandika attrib -h -r -s /s /d, lakini mpaka ujue, na hapo kirusi chenyewe bado kimo kinakusubiri.

Kwa hiyo kila flash ya mteja siku hizi inapita kwa Mint kwanza. Hilo ndo limeniokoa kuliko antivairasi zote nilizowahi kuweka.

Lakini msije mkakimbilia. Wiki hiyo hiyo maalim wa madrasa kaniletea mtihani wa fiqhi, kauchapa vizuri kwenye Word, Kiarabu chote kwa fonti ya Traditional Arabic, ukurasa mmoja umejaa mpaka chini. Nikaufungua kwenye LibreOffice, programu ya bure inayoshika nafasi ya Word na Excel. Fonti ile ni ya Microsoft, Mint haina, ikajichagulia nyingine nene, mistari ikapanuka, irabu zikawa zinagusana, na swali la kumi likaangukia ukurasa wa pili peke yake. Mie sikuangalia nikapiga kopi sitini. Karatasi sitini za hasara, na maalim kanitazama tu hakusema kitu, ndo mbaya zaidi. Toka siku hiyo nawaambia wateja leteni PDF, PDF haibadiliki popote utakapoifungua ila kama mwenyewe aliyetengeneza hakutia fonti ndani.

Mac mini nayo... inafanya kazi kimya kama mwenye nyumba asiye na shida na mtu. Kijana wangu anakata video za maharusi humo na haijapata kuganda sana. Ila RAM yake imechomelewa ubaoni huongezi, na mwisho wake ni macOS Monterey, Apple hawampi mpya tena. Na jambo la kunitia wazimu, flash iliyofomatiwa kwa NTFS, ule mpangilio wa Windows, inaisoma lakini haiandiki mpaka utie programu nyingine, mteja anasimama dirishani anangoja picha zake mie nahangaika. Linux inaandika NTFS bila ya neno.

Naomba michango ya watu waliokaa na mfumo kweli. Ushabiki upelekeni uwanja wa Amaan.

---

MzeeWaGeji

Uzi mzuri ila Linux ni ya watu wasio na kazi yakhe. Mpaka uandike maamri kwenye skrini nyeusi kama unapiga ramli. Mie nataka niwashe nifanye yangu nizime.

---

KijanaWaVuga

@MzeeWaGeji hiyo simu uliyotumia kuandika hapo kama ni Android ndani yake mna kernel, yaani kiini, cha Linux, umeshapiga ramli toka asubuhi ami 😂

Na kompyuta zile kubwa 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, toka Novemba 2017 zote ni Linux. Si moja.

---

MzeeWaGeji

Sawa mwanangu, ukinunua kompyuta kubwa ya 500 nistue nije kuprinti.

---

HesabuChakeChake

Waalaykum salaam. Kaka Steshenari umesema vizuri lakini umeisahau sehemu yetu sie wa mahesabu. Mie ni mwanamke nakaa Chake, nafanya hesabu za maduka matatu na chama kimoja cha wakulima wa karafuu. Programu ya mahesabu tunayotumia ni ya Windows tu, na mafaili yangu ya Excel yana makro, vile viprogramu vidogo vya kufanya hesabu vyenyewe, nilizoziandika toka mwaka wa kwanza wa kazi. Nimejaribu LibreOffice kwa nia safi kabisa, miezi miwili. Jedwali la kawaida linafunguka, fomula zinatoka sawa, lakini makro nusu zilikataa na zilizokubali zilikuwa zinaleta jibu baada ya muda wa kukaanga samaki. Nikajaribu kuiendesha programu ya mahesabu kwa Wine, kile kiprogramu cha kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, ikafunguka, nikafurahi, kwenda kuprinti risiti ikaanguka.

Sikasiriki na Linux. Walioiandika ile programu hawakuiandikia Linux, kosa si la Linux. Lakini mwisho wa mwezi siwezi kumwambia mwenye duka kosa la nani.

Kwa mimi Windows yenye leseni halali ni gharama ya kazi kama karatasi na wino. Niliinunua, nimeipumzisha roho.

---

Mpemba_wa_Wete

Ndugu zangu mie ninayo laptop ya EliteBook 840 G3, prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8, diski ngumu ya kuzunguka, ina Windows 10. Nasikia Windows 10 imekwisha. Fundi mmoja huku kanambia atanilazimishia Windows 11 kwa elfu thelathini. Mie kazi yangu ni mwalimu wa skuli, nachapa mitihani, naangalia video, natuma imeli basi. Nifanyeje? Nisije nikatupa mashine nzima.

---

Steshenari_Kwerekwe

@HesabuChakeChake dada umenifunga mdomo na umesema kweli, ndo maana na mie desktop ya Windows sijaitoa. Kuna fomu za wateja hazifunguki vizuri kwingine.

@Mpemba_wa_Wete usitupe kitu mwalimu. Windows 10 apdeti zake za kawaida zilikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, mashine haizimiki, inawaka kama kawaida, ila matundu mapya hayazibwi. Kwa mtu binafsi Microsoft wameweka njia ya kujiandikisha upate apdeti za usalama mpaka Oktoba 2026, ingia kwenye mipangilio ya apdeti uangalie kama umepewa. Windows 11 inataka TPM 2.0, kile kichipu cha usalama, na kwa prosesa za Intel karibu zote ni kizazi cha 8 kuja juu, mashine yako ni ya 6. Kulazimisha kunawezekana na watu wanafanya, lakini Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo hawakuahidi apdeti. Hiyo elfu thelathini ya fundi nunulia SSD, ile diski isiyozunguka. Wallahi diski ngumu ya kuzunguka ndo inayokuchelewesha kuliko mfumo wowote, hata ungeweka nini.

Halafu jaribu Linux BILA ya kuiweka. Hili watu hawalijui. Unaandika Mint kwenye flash ya GB 8, unawasha mashine kutokea kwenye flash, inafunguka yote na diski yako haijaguswa. Jaribu sauti, jaribu wifi, chomeka printa ya skuli. Kisipokupendeza kitu unachomoa flash unarudi kwako.

Na sasa nikwambie lililonipata mie ili uwe macho. Laptop ile ya kwanza kabisa niliyoiweka Linux ilikuwa ya mke wangu. Nikafika kwenye kile kidirisha kinachouliza uweke vipi, kuna chaguo la kukaa pembeni ya Windows na kuna chaguo la kufuta diski yote. Umeme ulikuwa unarudi unakatika, betri imebaki kidogo, nikawa na haraka, nikagonga la chini. Likaniuliza tena una hakika, nikasema nina hakika. Picha za harusi ya mdogo wake zimekwenda, video ya nikaha imekwenda. Kuna programu moja inaitwa PhotoRec nikairusha siku mbili nzima ikanirudishia picha elfu na kitu zote majina nambari tupu, nyingi zimekatwa nusu, bibi harusi ana kichwa hana miguu. Hilo halikuwa kosa la Linux wala la Windows, ni mie na kidole changu. Kwa hiyo mwalimu bekapu kwanza, na umeme uwe upo.

---

MzeeWaGeji

Bibi harusi ana kichwa hana miguu 😂😂 na bado umeoa?

---

Steshenari_Kwerekwe

Nimeoa alhamdulillah. Ila laptop yake sijaigusa tena.

---

KijanaWaVuga

Mie ni mtu wa Linux lakini wacha niwe mkweli maana tumeambiwa bila ya ushabiki. Watu wetu wanajisifu Linux haina virusi. Machi 2024 mtu mmoja aliyejifanya mchangiaji mwema karibu miaka miwili mitatu hivi alitia mlango wa siri kwenye programu ya xz, inayotumika kubana mafaili karibu kila Linux. Ikagunduliwa na mhandisi mmoja, Andres Freund, kwa sababu aliona kuingia kwa SSH, njia ya kuingilia kompyuta ya mbali, kunachelewa kwa nusu sekunde. Nusu sekunde jamani! Na wakati huo ilikuwa imeshaingia kwenye matoleo ya majaribio, imebaki kidogo ifike kwa kila mtu. Kila mtu anaweza kuisoma kodi ya programu, hiyo ndo nguvu yetu, lakini anayeisoma kweli alikuwa mtu mmoja aliyekereka.

Na upande wa pili Julai 19 mwaka huo huo ndo Windows milioni 8.5 zikaanguka skrini ya buluu viwanja vya ndege vikasimama, na ile haikuwa kirusi wala kosa la Microsoft moja kwa moja, ilikuwa apdeti mbovu ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike. Yaani mlinzi ndo kaangusha nyumba.

Mac hatujaiacha. Asili yake ni Unix, ule mfumo wa zamani ambao Linux imeuiga, ilitokana na mfumo wa NeXT alioujenga Steve Jobs alipokuwa nje ya Apple, ikatoka kama Mac OS X mwaka 2001. Mie naiita Unix iliyovaa kanzu iliyopigwa pasi. Ukifungua terminal ya Mac, ile skrini ya kuandikia amri, amri nyingi ni zile zile za Linux, na hata mfumo wa kuprinti ni mmoja, CUPS. Kwa hiyo ami ramli unaipiga hata kwa Mac.

---

KaratasiNaWino

Kwenye Mac tatizo letu ni fundi. Simu ikiharibika Darajani utapata mafundi kumi kabla ya adhana, Mac ikizima utaambiwa ipeleke Dar. Yangu ilikaa miezi minne kwa watu inangoja kifaa, ikarudi na kutu. Hewa ya chumvi hii haina ushabiki, inakula USB ya Mac kama inavyokula ya mtumba.

Na Apple wameshasema macOS ya mwaka 2025, ile Tahoe, ndo ya mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel. Anayetaka kununua Mac ya mtumba sasa hivi aangalie iwe na chip za M za Apple wenyewe, zilizoanza Novemba 2020, wauzaji wanatusukumia za Intel kwa bei tamu na hawasemi.

---

NanaaNaMdalasini

Mie nimekuja kwa ajili ya majina 😄 Linux Mint Cinnamon, yaani nanaa na mdalasini, mfumo wa watu wa Zanzibar kabisa huu, kilichobakia ni toleo la karafuu.

Na Ubuntu je? Iliyoanza Oktoba 2004 kwa yule tajiri wa Afrika Kusini Mark Shuttleworth. Neno lenyewe ni letu, ukitoa "bu" mbele na "n" katikati unabaki na utu. Zulu wanasema ubuntu sie tunasema utu, mtu na umuntu ni ndugu wa damu. Zamani walikuwa wanakutumia CD bure kwa posta popote ulipo, kaka yangu aliandika akapata bahasha yenye CD kwenye sanduku la posta la skuli, mtaa mzima ukaja kuiangalia na hakuna aliyekuwa na kompyuta ya kuitia. Huduma hiyo waliifunga 2011.

Lakini swali langu ni la Kiswahili. Mwaka ule ule 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chini ya mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Leo ni nani anaitumia menyu ya Kiswahili? Windows unaweza kuiongeza kwenye mipangilio ya lugha, nilimwekea mama nikidhani namsaidia. Baada ya siku mbili kaniita, ananambia nirudishie ile ya kwanza, hii hata siijui inasema nini. Mama! Kiswahili kazaliwa nacho Makunduchi! Nikakaa naye kumbe anajua mahala pa kugonga kwa umbo la neno, "Save" kwake ni picha tu, halisomi. Ukimwandikia Hifadhi inabidi aanze kusoma.

---

HesabuChakeChake

@NanaaNaMdalasini hapo umeligusa. Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwangu hawajui kompyuta, wanajua Windows. Nikimpa Mac anatafuta kile kitufe cha kufungia dirisha upande wa kulia, kipo kushoto, anakaa amekiduwalia. Tunasema mfumo fulani ni rahisi, rahisi kwa nani? Ni ule ambao jirani yako anaujua, ukikwama unampigia kelele dirishani anakujibu. Huku Pemba jirani zangu wote ni Windows.

---

Steshenari_Kwerekwe

Dada nakubali asilimia kubwa, ila jirani naye anafundishika. Kijana wangu wa dukani skuli kasomeshwa Windows, nimemkalisha kwa Mint wiki moja tu, sasa hivi hata hashangai. Mint menyu yake iko chini kushoto kama Windows 7 ilivyokuwa. Kilichomsumbua ni printa moja ya zamani ya leza, draiva yake kwa Linux ilitutoa jasho siku tatu mpaka tukaiacha, ile tunaiprintia kwa Windows. Ya wino wa chupa haikuuliza kitu, tulichomeka ikatokea.

---

Mpemba_wa_Wete

Nimerudi. Flash nimeiandika jana usiku, bando limekwenda GB 3 nzima nikasononeka kidogo, nikaiwasha leo baada ya alasiri. Wifi imeshika bila ya kuulizwa, sauti ipo, mwangaza wa skrini unapanda unashuka. Kidole ndo hakikubali kile cha kufungulia, sijali. Mtihani wangu wa Darasa la Sita nimeufungua, ramani ya Afrika ilisogea juu ya swali la 14 nikaivuta kwa kipanya ikakaa. Mke wangu kaja kaangalia kasema mbona Windows imebadilika rangi.

Nataka niweke pembeni ya Windows, zote mbili zikae, ila SSD huku Wete sijaipata ya bei ya maana na lile dirisha la kuchagua ulilolisema naliogopa. Nikikutumia mashine kwa boti utanifanyia?

---

Steshenari_Kwerekwe

Tuma mwalimu. Mafaili yako yote yahamishie kwenye flash nyingine au diski ya nje kwanza yakae huko huko nyumbani, usiniletee na picha za harusi tafadhali. Ifunge kwenye nailoni mara mbili juu yake taulo, maana maji ya bahari kwenye boti hayaulizi. Na utie chaja, watu wanatuma mashine bila ya chaja mie nakaa nazitazama tu.

---

MzeeWaGeji

Ikishakuwa tayari hiyo ya mwalimu nambie nije niione kabla hujairudisha. Kuiona tu lakini.